Binti wa Mfuga Simba

Bombambili, Songea
3 Machi 2025

Mwanahawa mdogo wangu, mtani wangu usiye na haya,

Ulifika salama? Nimesikia basi lenu lilipasuka tairi Namtumbo mkakaa juani mpaka alasiri. Vizuri sana! Myao akichelewa kufika kwao, kijiji kinapumzika.

Mwenzio tangu uondoke situlii. Kongamano limekwisha, kichwani kwangu bado linaendelea. Wale waandishi wengine wametusomea mashairi ya mapenzi na hadithi za sungura, watu wanasinzia, wengine wanachati chini ya meza. Ukapanda wewe na ile sura ya tano ya kitabu chako, jinsi wanakijiji wa Nalasi walivyomfunga babu yako kwenye mkorosho wakampiga kwa michi ya kutwangia mpaka taya likang'oka, eti ndiye aliyekuwa akiwatuma simba waliokula watu miaka ile. Mama mmoja mbele yangu alitapika kwenye mkoba wake. Nikasema moyoni, hiki ndicho kitabu cha kwanza cha kampuni yangu, liwalo na liwe.

Maana nimeamua, Mwana. Miaka yote hii nimekuwa wakala, nabeba maboksi ya vitabu vya wachapishaji wa Dar kupeleka shule hadi shule, mgongo umekufa. Sasa nachapisha mwenyewe. Kampuni itaitwa Luhira Vitabu. Mimi mchapishaji, wewe mhariri. Ukimaliza kitabu chako unahamia Songea, tunapanga chumba pale karibu na soko, tunaweka meza mbili. Usiniambie huwezi. Nilikuona kwenye warsha ulivyoichambua hadithi ya yule mwalimu mpaka akaomba maji.

Nacheka mpaka leo nikikumbuka nilivyokukaribisha jukwaani. "Jamani, huyu msimwone mpole! Kwao wanafuga simba kama sisi tunavyofuga kuku. Baba yake anao wawili zizini!" Na wewe bila kupepesa macho: "Mngoni muongo. Baba anao watatu, yule jike nimekuja naye, yuko nje anasubiri mnono wa kumla." Ukumbi mzima chali! Huo ndio utani, mdogo wangu. Hukukana, ukaongeza. Mtu wa kabila lisilo na watani angenuna. Nimeiweka video kwenye ukurasa wa kampuni, watu wanaigombania.

Jambo moja la kikazi: punguza damu kidogo, shule zitaogopa kukinunua. Mpe shikamoo baba yako, Mzee Daimu. Ramadhani njema.

Wako, mtani wako,
Skolastika Gama

*

Nalasi, Tunduru
14 Machi 2025

Dada Skola,

Assalaam alaykum, ingawa ninyi mliotembea kutoka Afrika Kusini mkiiba wake za watu njiani hamjui kuitika salamu.

Barua yako nilikabidhiwa na konda. Nilimsomea baba sehemu nusu, ile ya kampuni, akacheka akasema, "Nenda Songea, mwanangu, korosho hazijamtajirisha mtu hapa." Unajua baba alivyo. Tangu mama afariki tunaishi wawili tu, yeye na tasbihi yake, mimi na karatasi zangu. Nikiandika anazima redio. Akina Twaha majirani zetu wanamtania kwamba ananilea kama balozi.

Sasa sikia. Damu siipunguzi. Wewe uliona mtu akitapika ukafurahi, halafu unaniambia nipunguze? Babu yangu hakupigwa kidogo. Walimpiga watu aliowafanyia jando watoto wao. Mmoja alikuwa akisimama kujifunga shuka vizuri, kisha anaendelea kupiga. Baba alikuwa kijana, walimshika atazame, na mpaka leo akisikia mtu anatwanga kisamvu anatoka nje ya ua. Ukitaka kitabu cha shule, andika cha sungura.

Majina nimeyabadilisha yote, hilo usiwe na wasiwasi. Baba aliniomba. Waliompiga babu wamekwisha kufa, lakini watoto wao tunasali nao, tunazikana nao. Hakuna anayelitaja lile jambo. Hata mimi nalitaja kwenye karatasi tu.

Hiyo video sijaiona, simu yangu kitochi, haionyeshi video. Utanionyesha nikija.

Mahindi yameanza kubeba. Nguruwe wanatusumbua, na juzi watu wameona nyayo za simba kule mtoni. Tunaambiwa tusitembee peke yetu. Na mimi nahariri hadithi ya simba kila baada ya futari! Mungu naye ana utani wake.

Mdogo wako,
Mwanahawa Daimu

*

Bombambili, Songea
25 Machi 2025

Mwana mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Haya, damu ibaki. Umenishinda, na mhariri ni wewe.

Keti chini nikupe habari. Jina la kampuni limesajiliwa. Mwenye mtambo pale mjini amekubali kutuchapia. Na video, Mwana, video! Imetoka kwenye ukurasa wetu imeingia magrupu yote ya wasapu. Mpaka watu wa Nalasi kwenu wanaisambaza wenyewe! Mmoja ameandika chini yake, "Kumbe bado wapo." Mwingine, "Damu ya ukoo haipotei." Unaona walivyokipokea kitabu kabla hata hakijatoka?

Kwa hiyo, usinikasirikie, nimebadilisha jina. "Mwaka wa Simba" limepoa. Kitabu kitaitwa "Binti wa Mfuga Simba". Nimeshatengeneza tangazo, picha yako ile ya jukwaani unacheka, na kivuli cha simba nyuma ya bega. Limependeza mno. Nataka na picha ya Mzee Daimu amesimama mbele ya nyumba, tuiweke jalada la nyuma.

Mimi niko kwenye Kwaresima, nimeacha soda na kusengenya. Soda nimeiweza.

Sura nane ninazo, sasa nitumie ya mwisho. Idd njema ikifika, mnikumbuke kwenye pilau.

Skola

*

Nalasi
4 Aprili 2025

Dada Skola,

Hakuna utani katika barua hii.

Juzi simba amemchukua Zulfa, binti wa Twaha. Mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa shambani mchana anafukuza nyani, mama yake akiwa kilindoni, kwenye kibanda cha kulindia, ng'ambo ya pili ya mahindi. Alisikia mtoto anaita mara moja, basi. Tuliingia wote na mapanga na madebe. Mimi ndiye niliyekanyaga kitambaa chake. Mbele kidogo tulimkuta, kilichobaki. Twaha alimkusanya kwenye kanga ya mkewe, hataki mtu amsaidie, na kila akidhani amemaliza anaona kitu kingine majanini anarudi kuokota. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tumezika kitu chepesi sana.

Baba aliongoza dua. Twaha humwita baba mkubwa, mashamba yetu yanapakana, mbuzi zetu wanalala zizi moja. Wakati wa dua niliona watu hawaitikii amini.

Jana kisimani wanawake walininyamazia. Shangazi yangu akanivuta pembeni, akanionyesha video kwenye simu ya mwanawe. Ndiyo kwanza naiona. Dada Skola, ukumbi hausikiki ukicheka. Wameikata. Kuna sauti yako inasema baba anafuga simba wawili, kisha mimi, meno yote nje, nasema, "Baba anao watatu, yule jike nimekuja naye." Basi, inaishia hapo. Na hilo tangazo lako linafuata, jina langu na simba begani. Shangazi akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mwanangu. Sasa mnajiteteaje na umesema mwenyewe?"

Nimewaeleza ni utani. Wanajua utani, wametaniana na Wangoni maisha yao yote. Wanachoniuliza ni kimoja: "Huyo mtani yuko wapi? Mbona hatumwoni?" Kwao neno la mtani huondolewa na mtani mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mimi nikisema nilikuwa natania, najitetea. Wewe ukisema, jambo limekwisha. Utanitukana, nitakutukana, watacheka, watakunywa maji, watarudi makwao.

Njoo. Panda basi kesho asubuhi. Usilete chochote. Simama tu msikitini uani, useme wewe ni Mngoni na yale yalikuwa maneno ya utani. Baba anatabasamu mbele yangu, lakini ameacha kwenda shambani, na Twaha ametoa mbuzi zake zizini kwetu.

Nakuomba kama ninavyomwomba dada wa tumbo moja.

Mwanahawa

*

Bombambili, Songea
8 Aprili 2025

Mdogo wangu Mwanahawa,

Pole sana, pole na mimi nimelia. Nimemwombea Zulfa Misa. Nimeiondoa video kwenye ukurasa na tangazo nimelitoa. Nimeandika pia maelezo marefu kwamba yale yalikuwa masihara ya jukwaani baina ya watani. Nina hakika wenye akili wataelewa.

Kuja nitakuja, hilo usitie shaka. Ila wiki hii imenibana vibaya. Kuna watu wa Dar wanakuja kutazama miswada yetu, nao ndio wanaweza kukisambaza kitabu chako nchi nzima. Nikiwakosa hawa, Luhira Vitabu imekufa kabla ya kuzaliwa. Halafu inaingia Juma Kuu, mimi ndiye kiongozi wa sauti ya pili kwaya ya parokia. Nitakuja baada ya Pasaka. Jumanne ile niko kwenye basi, naapa.

Kwa sasa nenda kwa mtendaji, nenda polisi, waeleze. Dunia ya leo si ile ya babu yako, Mwana. Watu wamesoma, wana simu. Hawawezi kufanya yale tena.

Na usinielewe vibaya, nasema kama mchapishaji wako: andika. Kila unachokiona siku hizi kiandike kikiwa bado cha moto. Nadhani hiyo ndiyo sura ya mwisho tuliyokuwa tunaitafuta.

Nakushika mkono.

Skola

*

Hospitali, Tunduru
16 Aprili 2025

Skolastika,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjwa mara mbili, kwenye kiwiko na kwenye kiganja. Herufi zikikushinda, tafuta mtu akusomee. Askari yuko mlangoni, sijui ananilinda au ananichunga.

Barua yako niliipata Ijumaa asubuhi. Nilimsomea baba yote safari hii. Akasema, "Usimlaumu, ana kazi zake." Akavaa kanzu ya Idd akaenda kuswali. Polisi nilishakwenda tangu Jumatatu, nikaambiwa kijiji kina msiba, nisiwachokoze watu.

Walikuja jua likiwa kichwani. Walitoka msikitini pamoja naye, wakaenda makwao, wakarudi na vitu mikononi. Sikuona mgeni hata mmoja, wote nawajua, na wawili niliwafundisha kusoma. Baba akasimama barazani, akasema, "Karibuni, vijana. Kaeni." Ndivyo alivyosema, Skolastika. Aliwakaribisha.

Twaha akamsogezea simu usoni akaiwasha. Ikatoka sauti yangu, baba anao watatu. Akairudia. Baba anao watatu, baba anao watatu. Akasema, "Yupi alimla mwanangu, baba mkubwa? Nitajie tu ni yupi." Baba akamjibu taratibu, "Huo ni utani, baba. Yule mama ni Mngoni. Mngoni ni mtani wetu."

"Basi mwite mtani wako aje aseme."

Baba akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu, ungetokea wakati ule pale kwenye ua na kofia yako ya kwaya, ukafungua mdomo, baba yangu angekuwa hai. Walikuwa wanataka mtu awaondolee lile neno. Niliona kwenye macho ya Twaha, alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Nikasema, "Atakuja baada ya Pasaka."

Wakacheka. Mchi wa kwanza ulimpata baba mdomoni. Alikaa chini kwa heshima kabisa, akaokota kofia yake akaivaa. Wa pili ulipita juu ya sikio, kofia ikaingia kichwani. Baada ya hapo walijaa wengi sikumwona tena, nilisikia tu. Unakumbuka niliandika jinsi inavyosikika? Nilikosea. Haisikiki vile hata kidogo. Niliandika kama mtu aliyehadithiwa.

Niliingia na nyengo ya kufyekea. Nilimkata Twaha, vidole viwili vikaanguka barazani. Nilimkata mwingine shavu mpaka nikaona meno. Ndipo waliponivunja mkono juu ya kizingiti, mmoja kaushika, mwingine kaukanyaga. Karatasi zangu zilikuwa ndani walipoitia nyumba moto. Sijutii vidole vya Twaha. Najuta havikuwa vitano.

Jumamosi askari wa wanyamapori walimuua simba ng'ambo ya mto. Jike kizee, meno yamekatika, ndiyo maana alikuwa anakula watoto. Walimpasua. Tumboni walikuta ushanga wa Zulfa. Walimpelekea Twaha ushanga huo mahabusu. Nasikia amejipigiza kichwa ukutani mpaka wamemfunga kamba.

Baba tulimzika Jumapili baada ya polisi kumaliza naye. Kijijini hakuna aliyejitokeza kuchimba. Shangazi alichimba na wanawe.

Usinijibu kwa pole.

Mwanahawa

*

Songea
18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu

Mwanahawa,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Kanisani nilishindwa, walipofika kwenye maneno ya "msulubishe" nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka watu wakadhani nimeugua.

Wale watu wa Dar hawakuja. Nimekuambia hili kwa sababu nadhani una haki ya kulijua. Niliwasubiri Ijumaa ile ile siku nzima, nimevaa vizuri, nimepanga vikombe.

Nilikuwa na nafasi ya kupanda basi. Hiyo ndiyo kweli. Nilijiambia unatia chumvi, kwa sababu wewe ni mwandishi na mimi nakujua ulivyo. Nilijiambia watu hawauani kwa ajili ya utani. Nami ni mtani, mwana wa mtani, nikijua kabisa kwamba neno langu ni langu kulifuta.

Nakala ya sura nane ulizonitumia ninayo. Ndiyo pekee iliyobaki. Nitakurudishia kwa basi au nitaichoma, useme wewe. Kampuni naifunga. Sitachapa kitabu chochote, changu wala cha mtu, sistahili kushika maneno ya watu. Nitarudi kubeba maboksi. Nikifikiria jina lile nililolibandika juu ya picha yako nataka kujikata mkono.

Sikuombi msamaha, sijui ungeanzia wapi. Niambie tu nifanye nini.

Skolastika

*

Tunduru
29 Aprili 2025

Skolastika,

Mkono wako uache ulivyo, nina kazi nao.

Nani kakuambia kufunga kampuni ni adhabu? Huko ni kupumzika. Baba yangu yuko ardhini, Zulfa yuko ardhini, mimi nalishwa uji na shangazi, halafu wewe urudi kwenye maboksi yako, jioni unywe chai, useme umetubu? Hapana. Ulitaka kuwa mchapishaji. Utakuwa mchapishaji.

Zile sura nane usizichome wala usizirudishe. Nimeshaandika ya tisa, kwa huu mkono wa kushoto, inakujia na konda huyu huyu. Majina yote ya kweli nimeyarudisha. Twaha yumo kwa jina lake, na Zulfa, na hao wawili niliowafundisha kusoma, na waliompiga babu pia, kila mmoja na ukoo wake. Mimi nimo na nyengo yangu na vidole nilivyokata, polisi wakitaka wasome. Utani wako upo neno kwa neno ulivyousema jukwaani, na jibu langu chini yake. Barua yako ya baada ya Pasaka ipo yote, na kwaya ipo, na ile nasaha ya kuandika kikiwa bado cha moto. Mhariri ni mimi, kazi hiyo ulinipa mwenyewe. Ukigusa herufi moja nitajua. Jina la kitabu liache ulivyolibadilisha. Jina la kampuni yako liweke chini yake, kubwa.

Ukiogopa kesi, tafuta wakili. Ukiogopa Wangoni wenzako watakucheka, wakucheke.

Mwezi ujao ni arobaini ya baba. Nyumba imeungua lakini baraza ipo, na damu haijatoka kwenye udongo, shangazi amefagia mpaka amechoka. Utapanda basi. Utakuja na sura ya tisa mkononi, utasimama pale aliposimama baba, uisome kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sitaki hotuba, sitaki kilio. Nimewaalika watu wote. Ndugu zake Twaha nimewaalika, mkewe Twaha nimemwalika, na walioshika michi ambao polisi hawakuwakamata nimewapelekea habari mmoja mmoja. Wote wamesema watakuja. Wanakungoja kuliko unavyodhani.

Wakikuuliza wewe ni nani, watajie jina lako lote na kwenu. Mimi nitakuwa nimekaa mkeka wa mbele, na wakinyanyuka, sitanyanyuka kukutetea.

Mwanahawa binti Daimu